Nazi Elfu Moja na Tisa

Andika kama nisemavyo, mjukuu wangu, wala usinipambe.

Tuliporudi Palma kutoka ukimbizini, tuliangua minazi ya marehemu mama yangu kwa mara ya kwanza. Warithi tulikuwa watano: kaka zangu wawili na sisi dada watatu. Kwa sheria yetu mwanamume huchukua mafungu mawili na mwanamke moja, basi mafungu yalikuwa saba. Aliyekwea ni binamu yetu, mtoto wa mama mdogo, ambaye mama alimlea pamoja nasi. Sisi tulipokimbia, yeye alibaki akilifyeka shamba. Fungu hakuwa nalo.

Nazi zilikuwa elfu moja na tisa. Mimi sikusoma, hugawa kwa mkono, moja huku, moja kule, mpaka malundo yalingane. Kila lundo lilipata mia moja arobaini na nne, ikabaki nazi moja. Niliushuku mkono wangu. Tukayavuruga malundo, nikagawa upya, kiuno kikikataa kunyooka. Ikabaki moja.

"Dada, macho hayo!" akacheka mdogo wangu. "Au tumwite mwenye meno ya maziwa akusaidie?"

Ndipo ukaja wewe na daftari lako la shule. Ulijaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, ukapanda hivyo hivyo huku ukifuta na kuandika. Kisha ukasema, "Bibi, hukukosea. Hii haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ni primo."

Neno hilo nalijua kwa Kireno cha sokoni: binamu. Damu ikanipanda.

"Nani amekwambia habari za binamu? Mama aliniusia mimi peke yangu!"

Binamu yetu alikuwa pale pale, akikunja kamba yake ya kukwelea. Wewe ukaeleza, karibu kulia, kwamba hilo ni jina la nambari tu. Kaka yangu afanyaye biashara Mtwara akasema huko huitwa namba tasa. Hakuna aliyewasikiliza.

"Alikuusia nini?" akauliza dada yangu.

Nikasema. Binamu yetu apewe fungu moja kamili, sawa na la binti. Wosia huo niliufungia kinywani tangu siku ya mazishi, kwa kuwa niliyaona mafungu yetu kuwa membamba. Sababu nyingine sina, na leo nimechoka kuitafuta.

Tukagawa mara ya tatu, kwa nane. Mia moja ishirini na sita kila fungu, na moja ikabaki tena. Hakuna aliyeigusa.

Binamu yetu hakunishukuru wala hakunilaumu. Tangu utotoni, nikimpimia chakula, hakuwahi kukitazama mara mbili. Siku ile alipiga magoti mbele ya lundo lake, akazihesabu nazi zote moja moja mpaka mwisho. Kisha akaanza tena.