Chupa ya Majani ya Mpapai

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekodoa jicho kwenye hadubini ya maabara ya hospitali, hata wenzake wakasahau jina lake na kumwita Hadubini. Alikuwa fundi hasa. Mashine ikitoa hesabu ya kutisha, hakuiamini mpaka ahakikishe kwa jicho lake. Ila ulimi wake ulikuwa wembe, na kila watu walipocheka alizidi kuunoa.

Mwaka huo homa ya dengi ilijaza wodi. Homa hiyo hushusha chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Zikipungua mno, mtu huweza kuvuja damu bila hata kukatwa. Asubuhi moja Hadubini alipoingia wodini kuchukua damu, alimkuta mama mmoja, dobi wa mtaa wa nyuma ya hospitali, akimnywesha binti yake maji ya kijani.

"Nini hiyo, mama?"

"Majani ya mpapai, mwanangu. Nimeyatwanga nikayachuja. Wanasema yanapandisha chembe."

Angeweza kumwambia taratibu kwamba jambo hilo halina uhakika, amwulize daktari kwanza. Badala yake aliitwaa ile chupa, akaimimina kwenye sinki, akasema kwa sauti ya kufika kitanda cha mwisho: "Kama majani yanatibu, mama, basi mbuzi wote ni madaktari!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Binti mgonjwa akageukia ukutani. Dobi aliichukua chupa yake tupu, akaisuuza vizuri, akaifunga kizibo. Tangu siku hiyo wauguzi wakawa wanamwita Mama Mbuzi.

Binti alipona, wakaenda zao. Haukupita mwezi, mke wa Hadubini akalazwa, dengi ileile. Siku ya kwanza chembe zilikuwa elfu tisini. Ya pili, arobaini na mbili. Ya tatu alihesabu mara nne, kila mara akifuta kioo kana kwamba kosa ni la kioo: elfu kumi na tisa.

"Havuji damu, na dripu inaingia," daktari alimwambia. "Tumwangalie tu. Kwa kawaida hupanda zenyewe. Wewe si unayajua haya?"

Aliyajua. Maneno hayohayo alikuwa amewaambia watu wasiohesabika. Lakini mkono wa mkewe ulikuwa umetapakaa vidoa vyekundu chini ya ngozi, kama mtu aliyerushiwa wino, na elimu yote ikayeyuka.

Mpapai alioujua ni mmoja tu, ule wa uani kwa dobi. Alipenya kwenye uzio akinyata, mtu mzima na koti lake jeupe, akavuta jani. Likakatika kwa kishindo.

"Hilo limezeeka, fundi," sauti ikasema nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. "Chukua ya huku juu."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Dobi akatokeza, mikono ina povu.

"Nani anaumwa?"

"Mke wangu."

Hakuuliza zaidi. Aliyatwanga mwenyewe, akayachuja, akampa chupa. "Kidogo kidogo. Na daktari umwambie."

Hakumwambia. Mchana daktari alipopita alimkuta mgonjwa ametapika mara mbili, na chupa iko juu ya kabati.

"Nani ameleta hii?"

Wakati huohuo dobi alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Macho yote yakamgeukia.

"Mama Mbuzi tena!" muuguzi akadakia.

Hadubini alifungua mdomo. Ule ulimi wembe ukamlalia kinywani mzito kama gogo. Dobi alimtazama, akangoja, akaona hakuna kitu. "Ni yangu, daktari. Nisameheni." Akaichukua, akatoka.

Homa ilishuka, na chembe zikapanda: thelathini, sitini, mia na kitu. Zingepanda hata bila jani. Kama jani liliongeza chochote, yeye mwenye vipimo hakuweza kusema. Alichoweza kusema alimwambia mkewe, chote.

"Ukamwacha mama wa watu abebe mzigo wako?" mkewe akauliza, kisha akavuta shuka akajifunika uso.

Akaenda kwa dobi. "Mama, nimekosa. Nisamehe."

Dobi aliendelea kukamua shuka. "Kunitukana ulinitukana barazani. Radhi unaniomba uvunguni?"

"Nikasemee wapi, mama?"

"Unapajua."

Kesho yake, daktari akiwa wodini na dobi, aliyeitwa naye, amesimama kando ya mlango, Hadubini alisimama katikati ya vitanda. "Ile chupa niliileta mimi. Majani nilikwenda kuyaiba kwake, akanifuma, akanipa. Nilimcheka kwa jambo ambalo mwenyewe nimelikimbilia. Kisha nikanyamaza akigombezwa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Ungeniambia tu," daktari akasema, "nisingekumeza." Barua ya onyo ilimfikia kabla ya jioni.

"Nimesikia," alisema dobi, akaondoka haraka kwenda kuanua nguo za watu, maana mvua ilikuwa inanyemelea.

Hakusema amesamehe, na Hadubini hakuthubutu kuuliza. Siku hizi wakikutana njiani humwamkia, "Shikamoo, mama." Naye huitikia marahaba kwa upole uleule, na upole huo ndio unaomfanya ainamishe kichwa mpaka ampite.