Nilivyojivundika Kama Ndizi za Rubisi

Enzi zetu kule Ihembe, baridi ya mwezi wa saba hatukupambana nayo kwa sweta. Sweta lilikuwa moja, la shule, na Jumamosi lilikuwa kwenye kamba linakauka. Tulipambana nayo kwa kukaa karibu na mafiga mpaka miguu ikawa na madoa, kwa uji wa mtama wa kuchubua ulimi, na kwa kulala watatu watatu chini ya blanketi moja la kijivu. Aliyelala katikati alikuwa mfalme, wa pembeni walikuwa raia. Jioni ukungu ulishuka bondeni na kukaa huko mpaka jua lipande juu ya migomba, na ukienda kuchota maji asubuhi nyasi zilikulowesha mpaka mapajani. Siku hizi nawasikia vijana wa Kayanga wakilalamika kuna baridi, huku wamevaa jaketi na kofia, mkononi kikombe cha chai ya maziwa. Nacheka peke yangu kwenye kibanda changu cha vitenge.

Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, migomba na mibuni pande zote kama nyumba zote za kule. Lakini Tata, yaani baba yetu, alikuwa na shamba jingine bondeni, la viazi vitamu. Kiangazi, udongo wa juu ukiwa umekauka, wa bondeni ulikuwa bado na unyevu na viazi vilinenepa. Nguruwe pori walilijua hilo vizuri kuliko sisi. Walikuja usiku na familia nzima, na asubuhi ungekuta tuta limefumuliwa kama godoro lililochanwa. Kwa hiyo likizo yetu ilikuwa likizo ya kulinda. Kaka zangu wawili, Mugisha na Rwegasira, walishuka jioni na debe la kupiga, wakalala kwenye kibanda cha nyasi kando ya shamba.

Asubuhi Tata alisimama uani na mswaki wake wa mti mdomoni, akauliza swali lile lile la kila siku: "Nani alilala shambani?" Aliyejibu, "Mimi, Tata," akaendelea hivyo mpaka mavuno, alipewa matuta yake mwenyewe. Si ya kula na familia. Yake. Akiuza ni yeye, akigawa ni yeye, hata mama hakumuuliza.

Mimi nilikuwa msichana pekee, na nyumbani nilipewa kila kitu isipokuwa tuta. Nilipewa ufagio, ndoo, masufuria ya kusugua, na mtoto wa shangazi nimbebe mgongoni akinikojolea. Nilitaka matuta yangu mwenyewe. Jioni moja nikajikaza nikamwambia Tata nataka kulinda. Alicheka, ingawa si kwa ubaya.

"Koku," akasema, "baridi ya bondeni haina huruma. Itakurudisha kabla sijavua viatu."

"Hainirudishi, Tata."

"Haya, nenda. Ila ukirudi nyumbani kabla ya jua, hata usiku mmoja, habari za matuta nisizisikie tena."

Mugisha na Rwegasira walijipiga mapaja kwa kicheko. Nami sikuogopa baridi, maana sikuijua. Niliogopa siafu. Kile kibanda cha kaka zangu sakafu yake ilikuwa nyasi, na siafu walikuwa wakipita humo wakati wowote wanapojisikia, bila hodi. Nikaamua sitalala chini. Nilichukua magunia mawili ya kahawa, nikayapasua, nikayashona pamoja kwa sindano ya mkeka, nikafunga kamba za katani huku na huku, kisha nikayaning'iniza kati ya mikaratusi miwili kando ya shamba. Kamba nikazipaka majivu yaliyochanganywa na mafuta ya taa ili mdudu asipite. Nikapanda. Nikabembea. Hakuna malkia aliyewahi kulala pazuri kama pale.

Aliyeharibu furaha yangu alikuwa bibi. Alishuka kuangalia, akaona gunia linaning'inia na mjukuu wake yumo ndani, akashika kichwa. "Mawe, mama wee! Mtoto mzima analala kwenye engozi!" Engozi ndiyo ile machela yetu ya kubebea wagonjwa. Enzi zile hakukuwa na bodaboda. Mtu akizidiwa, wanaume wa kijiji walimlaza kwenye engozi, wakaiweka mabegani, wakapokezana mlima kwa mlima mpaka hospitali ya Nyakahanga. Kwa bibi, mtu mwenye afya kujilaza kwenye kitu cha namna ile ni kuuita ugonjwa kwa jina lake. Alimsihi Tata anikataze. Tata akasema aache tu, kesho nitakuwa nimerudi jikoni.

Na kweli nilikaribia kurudi. Usiku wa kwanza nilijifunika blanketi mpaka puani, juu nikaongeza gunia la tatu, na bado mgongo uliganda kama niliyelala juu ya maji. Meno yaligonga mpaka Mugisha akauliza kutoka kibandani nani anatwanga. Usiku uliofuata nilitandika majani makavu ya migomba ndani, nikayalalia. Nilipogeuka mara mbili yalikuwa yamesagika unga, nusu yamekimbilia miguuni, na mgongo ukabaki uchi kama jana. Nililia pale kimya kimya, nikiziba mdomo kwa blanketi ili kaka zangu wasisikie. Sikurudi nyumbani, lakini nisidanganye, niliyatazama mataa ya nyumbani kule juu kwa uchungu.

Aliyeniokoa ni yule yule bibi, bila kujua. Kesho yake alikuwa anavundika ndizi za rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Mnaokumbuka mnajua: unachimba shimo, unalipasha moto, unatandika majani makavu ya migomba, unapanga ndizi, unafunika majani tena na udongo. Siku chache baadaye ndizi zinatoka zimeiva, zina joto, ukizishika unadhani zimetoka jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya shimo napanga majani, yeye akisimamia juu na fimbo yake.

"Chini kwanza!" akanifokea. "Wewe unajaza juu, na chini je? Ardhi itazinyonya joto zibaki mbichi. Na usiyakanyage! Yakilala hayafanyi kazi."

Nilisimama ndani ya shimo lile nikiwa na majani mikononi, nikacheka kwa sauti. Bibi akadhani nimelewa harufu.

Jioni ile nilishona gunia jingine refu, nikalining'iniza chini ya lile la kulalia, likiwa limelegea kidogo, na katikati yao nikajaza majani makavu niliyoyachomoa mchana, kabla umande haujayagusa. Niliyaacha yamevimba, uzito wangu usiyaguse. Pembeni nikaziba, juu nikajifunika blanketi, na miguuni nikaweka kiazi kilichotoka kwenye majivu, nimekifunga kwenye kitambaa. Nilijivundika. Joto lilianza mgongoni, polepole, likapanda mpaka masikioni, nikalala usingizi ambao hata nyumbani sikuwahi kuupata.

Kisha ukaja ule usiku ambao hata Mugisha, mzee mzima sasa, akiusimulia anajikuna. Baridi ilishuka kuliko siku zote, ukungu ukawa mzito mpaka moto wa kibandani ukafifia, na siafu nao wakatafuta pa kujipasha. Walipapata pazuri: blanketini kwa kaka zangu. Nilisikia yowe, nikaona vivuli viwili vikirukaruka na kuvua nguo. "Koku, shuka! Twende nyumbani!" Wakapanda mlima mbio. Nilikuwa na woga, nakiri, na giza lilikuwa la kushikika. Lakini ningeshuka, ningekuwa nimeshuka na kwenye matuta. Nikabaki. Nguruwe walipokuja nilipiga debe nililolifunga mtini kando yangu, nikiwa nimelala, nimetoa mkono mmoja tu, kisha nikaurudisha ndani kwenye joto. Wakaenda kwa jirani.

Ninachojua kuhusu asubuhi ile nilisimuliwa na mama. Tata alitoka uani, akauliza, "Nani alilala shambani?" Akaingia jikoni akawakuta kaka zangu wameganda kando ya moto, nyuso zimevimba. Bibi akauliza, "Na Koku yuko wapi?" Mugisha akaonyesha bondeni. Basi bibi akapiga yowe la kuamsha mlima mzima, na wale wanaume wa engozi wakaja na engozi yao ya kweli, tayari kunipeleka Nyakahanga. Tata hakuwasubiri. Alishuka bila viatu kwenye umande ule, na alipotokeza akaona gunia linaning'inia kwenye ukungu, limetulia, halina dalili ya mtu. Mama anasema alisimama, akavua kofia.

Mimi niliamshwa na mkono baridi shingoni. Nikafumbua macho nikamwona Tata ameinama juu yangu, kofia mkononi, na nyuma yake wanaume na engozi yao, na bibi anahema. Nilikuwa na jasho kwenye paji la uso. Nikamwamkia nilivyofundishwa: "Shikamoo, Tata."

Hakuitikia. Alipitisha mkono chini ya mgongo wangu, kwenye majani, akauacha hapo, akaurudisha tena kama haamini. Halafu akamgeukia bibi. "Mama, njoo ushike. Huyu ameiva."

Wanaume wale walicheka mpaka wakaiweka engozi chini. Bibi naye akaingiza mkono, kisha akawaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, na haikuwa uongo. Tata akavaa kofia yake. Akasimama wima kama yuko uani, akauliza kwa sauti ili wote wasikie: "Nani alilala shambani?"

"Mimi, Tata!" Nilipiga kelele. Nasikia mpaka leo sauti yangu ilivyorudi kutoka mlima wa pili.

"Chagua matuta yako."

Nilichagua ya kando ya mikaratusi. Nilipovuna niliuza, nikanunua sweta jekundu ambalo halikuwa la shule, nikalivaa kanisani jua likiwaka. Na miaka mingi baadaye, Tata alipogawa ardhi, aliwapa kaka zangu kibanja cha juu, na mimi akanipa bonde. Baba wadogo walinung'unika kwamba binti hapewi ardhi. Tata akawauliza swali moja tu: asubuhi ile ya baridi alimkuta nani shambani? Wa kwanza kucheka na kukubali alikuwa Mugisha.

Mwaka huu mwezi wa saba, binti yangu Asimwe amekuja likizo kutoka Dodoma na kitanda cha kuning'iniza cha nailoni, alichoagiza kwa simu, chenye neti na vishikio vinavyong'aa. Yeye na rafiki zake wanataka kwenda kulala kwenye vilima vya Kyerwa, kwa raha tu, bila nguruwe wala kiazi. Akataka kukijaribu kwanza kwenye shamba langu. Alikuwa na mfuko wa kulalia mnene, kofia, glavu na taa ya kichwani. Nikamtakia usiku mwema, nikanyamaza, maana mzazi naye ana haki ya kuburudika. Sikukaa sana, simu ikalia.

"Mama, nimevaa kila kitu, ila mgongo unaganda."

"Chini umeweka nini?"

"Chini kuna hewa tu, mama."

"Nije nikuchukue?"

"Hapana. Nitakaa mpaka asubuhi." Sikumwambia, lakini machozi yalinitoka.

Jioni iliyofuata nilishuka na magunia mawili na majani makavu, na sauti niliyoisikia ikitoka kinywani mwangu ilikuwa ya bibi: "Chini kwanza! Na usiyakanyage!" Tulipomaliza, kile kitanda cha kisasa kilikuwa na tumbo kubwa la gunia, kimepoteza urembo wote. Asimwe alitaka kukipiga picha, akaghairi.

Mengi yamekwenda. Nguruwe pori hawaji tena, vibanda vya kulindia vimeoza, wagonjwa wanapanda bodaboda, na watoto wetu wanalala kila mmoja na blanketi lake, wafalme wote, hakuna raia. Joto lile la kubanana sijui watalisimulia vipi. Asubuhi yake nilimkuta Tata kando ya shamba, ameshuka taratibu na mkongojo wake, ukungu umemfika kiunoni. Alikitazama kile kitanda kwenye mikaratusi kwa muda mrefu. Kisha akakohoa, akajinyoosha.

"Nani alilala shambani?"

Kichwa kikatokeza, nywele zimejaa vipande vya majani, paji la uso linang'aa jasho. "Mimi, babu! Shikamoo!"

"Marahaba. Chagua matuta yako."

"Babu, shamba si la mama?"

Tata akanigeukia. Akavua kofia, kama asubuhi ile, safari hii akitabasamu. "Basi muulize mwenye shamba."

Nilimwambia achague. Akachagua ya kando ya mikaratusi.