Joho Lisilo na Alama

Shemeji yangu ni dobi, na tangu dada yangu afariki nilikuwa nampelekea nguo ambazo hazijachafuka. Nakiri mapema ili asije mtu akanisingizia wema. Nilikuwa navaa gauni asubuhi, saa nane mchana nalivua, nalikunja, naenda nalo kwake, nipate sababu ya kukaa dakika kumi kwenye lile benchi lake na kumtazama kama amekula. Yeye alilipokea, akalinusa kidogo kwenye kwapa kama madobi wanavyofanya, akajua. Alilifua.

Alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani. Dada ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili, na sisi wa upande wa mke tulimtania kwamba ameoa redio ili asihangaike kutafuta stesheni. Alikuwa akicheka. Baada ya msiba ukimya wake ukawa wa aina nyingine. Kimya kingi kina mshindo, ndivyo wasemavyo, lakini mimi niliungoja huo mshindo miezi minane sikuusikia.

Chumba chake cha kazi kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili, moja ya umeme na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme umekatika, chupa ya maji yenye kizibo kilichotobolewa matundu ya kunyunyizia, na kamba tano uani. Kwake nguo hazichanganyiki. Kila mteja ana alama yake, uzi wa rangi fulani ulioshonwa ndani ya kola. Wa bluu ni wa mwalimu wa hesabu, mwekundu na kijani kwa pamoja ni wa yule mama wa duka la dawa. Majoho ya kwaya ya kanisa letu yalikuwa thelathini na mawili, yote rangi ya damu ya mzee, kitambaa kimoja, mshono mmoja, na kila moja lilikuwa na uzi wake. Isipokuwa la dada. "Mke wangu nimtie alama ya nini?" alisema. "Nitampoteza wapi?"

Joho hilo ndilo lililobaki. Dada aliimba Jumapili, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kazi kama kawaida yake. Jumanne akaugua ghafla, Ijumaa tukamzika. Nguo nyingine tuligawana sisi ndugu. Joho shemeji alikataa lisiguswe wala lisifuliwe, kwa sababu lilikuwa na harufu yake. Mwalimu wa kwaya alikuja kulidai mara tatu, eti kuna mwimbaji mpya hana la kuvaa. Mara ya tatu shemeji alimfungia mlango usoni.

Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Siku za msiba walimwambia asilie sana, kwamba muumini halii kama mtu asiye na tumaini, naye dobi wa watu akatii. Hakulia, wala hakuomba. Asubuhi alifungua, jioni alifunga, na katikati yake, mlango ukiwa umerudishwa, alisimama ameuficha uso ndani ya lile joho. Najua kwa sababu nilimkuta. Nilirudi kinyumenyume, nikaenda kununua sabuni nisiyoihitaji.

Ulipoingia mwezi wa tisa tangu msiba, kwaya ikaleta majoho yafuliwe kwa mara ya kwanza tangu hapo. Kwa miaka kumi na mmoja kazi hiyo aliifanya vilevile: anapekua mifuko atoe pipi na karatasi za nyimbo, anayarundika karibu na beseni, kisha, kabla hajamwaga maji, ananyoosha mkono nyuma ya mlango na kuongeza la mkewe. Siku hiyo mawingu yalikuwa yanakusanyika, kichwa chake kilikuwa kwenye mvua, na mkono ukafanya ulichozoea. Yakalowekwa, yakafikichwa, yakasuuzwa mara tatu, yakaanikwa.

Aligundua kesho yake wakati wa kupiga pasi. Alikuwa amefika kwenye joho la ishirini na kitu, akageuza kola atazame uzi, hakuona uzi. Akageuza upande wa pili. Akalinusa. Lilinuka sabuni.

Mimi niliingia mchana huo na gauni langu safi mkononi. Pasi ilikuwa imesimamishwa mezani, imezimwa. Shemeji ameketi sakafuni, mgongo ukutani, joho magotini, macho mekundu kama ya mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu. Nilielewa kabla hajafungua kinywa. Na nitasema ukweli, kilichonijia kwanza ni hasira. Nilitamani nimpige na lile gauni. Miezi minane tulilichunga lile joho kama yai, halafu yeye mwenyewe!

"Nimelifua, shemeji," alisema. "Kwa mikono yangu hii."

Nikaketi. Ulimi wangu hauna mfupa, kila mtu anajua, nikaanza palepale: kazi ya Mungu haina makosa, dada yuko mahali pema, kitambaa ni kitambaa tu, piga moyo konde. Maneno yote niliyoyasikia matangani nilimmwagia.

"Nyamaza kidogo, shemeji," akasema, kwa upole tu. "Leo nimeongea naye."

"Na dada?"

"Na Mungu. Nilisimama hapo mezani nikampigia kelele. Nikamwambia, mke umechukua, sawa, sikusema kitu. Na harufu je? Hata harufu uliona ni kubwa mno kwangu? Nikamwambia na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Kisha nikangoja."

"Ukangoja nini?"

"Anipige. Au aondoke, kama watu wanavyoondoka ukiwakaripia." Alilikunja joho, akalikunjua tena. "Hakuondoka. Nimelia hapa mpaka pasi ikapoa, na alikuwepo. Sijui nikuelezeje. Nyumba ni ileile, tupu, na kesho itakuwa tupu. Lakini sikulia peke yangu."

Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, ilhali alijua kwamba punde tu atamwita atoke. Hilo nimelisikia mahubirini tangu sijaota meno ya ukubwani. Miezi minane nilimpelekea mtu huyu magauni, wala sikukumbuka kumpelekea hilo.

"Tuombe," akasema. "Anza wewe, umezoea."

Kweli nimezoea. Mimi ndiye ninayefungua vikao vya akina mama kwa sala, na nikisema amina baadhi yao inabidi waamshwe. Nikafumba macho. "Baba wa mbinguni, tunakuja mbele zako..." Nikakwama. Nikaanza tena, nikakwama palepale. Nilichokuwa nakiona ni masufuria. Siku zote za msiba nilikuwa jikoni nikiwapakulia waombolezaji. Watu walipanga foleni kumpa pole mgane, na waliokuja kwangu walikuja kuuliza chumvi iko wapi. Nilizaliwa nikamkuta dada yangu duniani. Kabla ya msiba sikuwahi kuishi siku moja bila yeye, na nilikuwa sijakaa chini hata mara moja nikaliwaza hilo. Maneno yakakataa kabisa.

Shemeji alingoja. Halafu nikaisikia sauti yake, ndogo, imekwaruzika kwa kilio, ikiendelea pale nilipoishia.

"Baba, huyu ni mdogo wake. Naye amefiwa."