Siku Niliyomtangaza Kocha Kuwa Amekufa

Nimewahi kumuona mtu akifika kwenye msiba wake mwenyewe.

Alikuja kwa miguu, kabeba boksi lenye filimbi na viatu vya mpira, akakuta kina mama wamejaa uani kwake wanamlia yeye. Jirani mmoja alipomuona aliangusha sufuria akatimua mbio.

Aliyemuua ni mimi. Sikumgusa hata unywele. Nilimuua kwa mdomo, mchana kweupe, na watu wakanipigia makofi.

Ngoja nianze mwanzo.

Kazi yangu ilikuwa kutangaza vifo. Nilikuwa na pikapu kuukuu yenye spika mbili juu, maiki moja, na sauti nzito ambayo sikuinunua popote. Ukifiwa unaniita, unanipa jina la marehemu, saa na mahali pa mazishi, nami nazunguka mji mzima taratibu kwa gia ya kwanza.

Watu waliniita Spika. Nikipita, mwenye redio anapunguza sauti. Waliokuwa wanagombana wananyamaza kwanza wasikie ni nani. Nikisema fulani hatunaye, basi hatunaye, na hakuna aliyewahi kunipigia simu kuuliza kama ni kweli.

Sasa mji wetu una timu moja tu, na Jumatatu moja asubuhi timu hiyo ilimfukuza kocha wake. Mtoto wa hapahapa, anakaa nyuma ya soko na mama yake mzee. Tulimwita Kocha, basi.

Kijiwe chetu kilikuwa kwa Kinyozi. Siku hiyo palijaa mpaka nje.

Fundi viatu wa banda la jirani, tuliyemwita Takwimu kwa sababu ana daftari la mechi zote, akalifungua gotini.

"Mechi themanini na nne," akasema. "Kashinda thelathini na tisa, sare ishirini na moja, kafungwa ishirini na nne. Mtu wa rekodi hii unamfukuza vipi?"

"Sare ishirini na moja?" nikamwambia. "Huyo si kocha, huyo ni msuluhishi."

Watu wakacheka mpaka benchi likayumba.

Kinyozi hakucheka. Alikuwa na mashine mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. "Aliyetutoa daraja la tatu ni nani? Tulikuwa tunafungwa na timu ya walinzi wa ghala. Ama kweli, shukrani ya punda ni mateke."

"Kinyozi, rekodi haifungi goli. Juzi tumepigwa tatu, tena nyumbani, na timu inayoshika mkia."

"Na huyo mpya waliyemleta?" Takwimu akafunua ukurasa. "Kafukuzwa na timu nne ndani ya miaka mitano. Ya mwisho kaishusha daraja."

"Lakini anavaa suti," akasema yule mteja wa nusu kichwa. "Kocha wetu anakaa benchi na kandambili, utafikiri katumwa chumvi."

"Suti haimfundishi beki kuruka," akajibu Kinyozi.

Mabishano yakapamba moto. Kila nilichosema walicheka, nami nikazidi kuvimba kichwa. Ndipo yule mteja akanigeukia na kishuka chake shingoni.

"Spika, hii si ndiyo kazi yako? Huyu mtu kafa kimpira. Mtangaze azikwe."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisita. Sikusita. Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi kabla hajamaliza kusema.

Hapa lazima mnielewe vizuri. Kwenye tangazo la kweli, nasimamisha gari kila kona, nasema lote tangu mwanzo hadi mwisho, narudia mara mbili, ndipo naondoka. Nikisema huku natembea, wa kona hii watasikia mwanzo, na wa kona ile watasikia mwisho tu. Siku ile sikusimama. Watu walikuwa wanakimbia nyuma ya gari wakishangilia, nani angesimama?

"Tangazo la kifo. Tangazo la kifo. Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha ndugu yetu," nikataja majina yake yote matatu, "kilichotokea ghafla asubuhi ya leo."

Kwa sauti ileile ya kazi. Nzito, ya polepole.

Utani ulianza mbele huko, kama mita hamsini hivi. "Marehemu amesumbuliwa na sare kwa muda mrefu. Ameacha mabeki wanne yatima na mshambuliaji mmoja kipofu. Mazishi ni Jumamosi saa kumi jioni, uwanjani. Nafasi yake imeshapata mtu, kwa hiyo msilie sana."

Mji ulicheka, jamani. Muuza mitumba alikaa chini kabisa, kashika mbavu.

Nikapita mtaa wa Kocha. Msije mkadhani ni bahati mbaya. Nilikata kona makusudi, na nilipita mara mbili.

Kocha mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ofisi ya timu anakabidhi funguo na kuchukua vitu vyake. Nyumbani alikuwepo mama yake, amekaa dirishani.

Yule mama alinijua. Mwaka mmoja nyuma nilimtangazia kifo cha mumewe, kwa maiki hii na kwa maneno hayahaya. Akasikia tangazo la kifo. Akasikia majina matatu ya mwanawe wa pekee. Yaliyofuata hakuyasikia, gari lilishafika kona nyingine. Mara zote mbili ilikuwa hivyohivyo.

Aliita jina la mwanawe mara moja tu, akaanguka.

Majirani waliosikia nusu ileile wakaja mbio, wakamkuta chini, wakajua ndiyo kweli. Kilio kikaanza. Na katikati ya kilio hicho Kocha akaingia na boksi lake.

Alipiga magoti. "Mama, ni mimi. Niko hapa."

Mama akamtazama. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Kiharusi. Lile jina ndilo neno la mwisho alilolisema, na mpaka leo ninapoandika hajasema lingine.

Jioni ile nilirudi nyumbani bado nachekacheka, habari hazijanifikia. Mama yangu alikuwa kibarazani, na ungo wa maharage mapajani.

"Umemtangaza nani leo?"

"Utani tu, mama. Mambo ya mpira."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Sauti ile si ya utani, mwanangu. Ile ni ya wafiwa, wewe unaitunza tu."

Nikamwona mama anazeeka, hajui mpira.

Kesho yake Kocha akaja kijiweni. Habari za mama yake tulikuwa tumeshazipata, kila mtu akawa anatazama viatu vyake. Mimi nilijiandaa kwa ngumi. Ngumi ingenisaidia.

"Panda gari," akaniambia. "Zunguka kulekule ulikopita. Waambie niko hai."

Nikaenda. Nikasimama kila kona, nikasema lote, nikarudia mara mbili kama inavyotakiwa. Nasahihisha tangazo la jana. Kocha yu hai.

Kicheko cha siku hiyo kilizidi cha jana.

"Kafufuka dakika za nyongeza," mmoja akapiga kelele. Mwingine akajibu, "Mwambie arudi kaburini, sare zitaanza tena." Takwimu naye, aliyemtetea na daftari lake, alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa kitambaa cha kiwi. Na mimi nisiwafiche. Kona ya tatu nilitabasamu. Kusifiwa ni kutamu, hata kwa jambo la kishenzi.

Zikapita wiki tatu.

Ijumaa moja asubuhi nilitoka kibarazani nikamkuta mama kwenye kiti chake, ungo mapajani, kichwa kimelala begani. Nikamwita. Nikamwita tena. Mkono wake ulikuwa umeshapoa.

Makaburini walinipa Jumamosi, saa kumi jioni. Siku ileile na saa ileile niliyompangia Kocha.

Nani angenitangazia? Nikapanda gari mwenyewe.

"Tangazo la kifo. Tangazo la kifo."

Milango ikafunguka. Watu wakatoka wakitabasamu, wengine wameshika simu warekodi. "Leo kafa nani, golikipa?"

Nikataja majina ya mama. Hayakunisaidia, maana mji mzima ulimjua kama Mama Spika, majina yake ya kweli nani aliyajua? Nikasema, ni mama yangu mzazi. Sauti ikakatika hapohapo.

"Msikie anavyolia," akasema muuza mitumba. "Huyu kazi ya kuigiza ilimpita."

Nikafika kijiweni. Yule mteja alikuwepo tena. "Rekodi yake ikoje, Spika? Kacheza mechi ngapi?"

"Na mbadala wake nani?" mwingine akadakia. "Naye anavaa suti?"

Nikainamisha kichwa kwenye usukani nikalia, maiki imewashwa, spika zote mbili zinapeleka kilio changu mtaa mzima. Wakanipigia makofi.

Nilimtafuta Kinyozi kwa macho. Nilijua yeye ataelewa, kwa sababu hakuwahi kucheka. Alinitazama kidogo kupitia mlangoni, akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Nikapiga simu. Takwimu akapokea. "Spika, mara ya pili haichekeshi," akasema, akakata.

Jumamosi saa kumi tulikuwa wanne. Mimi, mjomba wangu na majirani wawili waliomuona maiti kwa macho yao. Jeneza linataka watu sita. Ng'ambo ya ukuta wa makaburi ndipo uwanja ulipo, na siku hiyo kocha mpya alikuwa na mechi yake ya kwanza nyumbani. Mji mzima ulikuwa huko.

Tukawa tunatazamana, wanaume wanne na jeneza.

Geti likalia. Kocha akaingia, na kandambili zake. Hakunisalimu. Alienda moja kwa moja kushika pembe ya mbele. Mchimba kaburi mmoja akaweka jembe chini, akawa wa sita.

"Jumamosi hizi sina kazi," Kocha akamwambia mjomba.

Tulipokuwa tunamshusha mama, uwanja ulilipuka. Goli. Wachimbaji wakatazamana, mmoja akashindwa kujizuia, akatabasamu chini chini. Sikuweza kumlaumu.

Tulipomaliza kufukia nikamfuata Kocha. "Mji mzima ulidhani natania. Wewe ulijuaje?"

"Sikujua," akasema. "Na mimi nilidhani unatania. Mama ndiye aliyejua. Ulipopita jana alitokwa na machozi, akanivuta shati kwa mkono ule mzima, akanionyesha mlango. Leo tena kanivuta mpaka nimetoka. Kwake yeye wewe hujawahi kutania."



"Mimi sijakusamehe," akaongeza. "Nimetumwa." Akajikung'uta udongo, akaondoka.

Kocha mpya, wa suti, alifukuzwa kwenye mechi ya kumi na moja. Siku hiyohiyo simu yangu ikaita, kelele za kijiweni zinasikika nyuma. "Spika, tuna maiti mwingine huku. Lete gari."

Spika nilishazing'oa. Pikapu sasa inabeba mchanga na kokoto. Mtu akifa, wafiwa wanamwita mtangazaji wa mji wa jirani, nami nikimsikia anapita nasimama pembeni mpaka amalize.

Najua mtasubiri funzo, basi chukueni hili, limenigharimu mama wawili. Kabla hujamzika mtu kwa mdomo, hesabu kwanza watakaobeba jeneza la kwenu.