Kaltham na Maji ya Majirani wa Juu

Kaltham ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu, na tangu tulipotoka Unguja sote wawili tungali wanawali sijamwona akihamishwa mahali asipotaka. Nyumba yake hapa Ibra, Omani, iko chini kabisa ya mtaa, karibu na wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha. Walipoijenga, huko juu palikuwa changarawe tupu, mbuzi wetu wakilala, na mvua ikinyesha inazama ardhini. Nakumbuka vizuri. Sasa pamejaa majumba, na kila aliyejenga kauziba uwanja wake kwa matofali ya saruji, ukuta hadi ukuta, asione vumbi. Maji hayana tena pa kuzama. Yanashuka yote kwa Kaltham.

Mwaka juzi yaliingia mpaka chumbani, godoro likaelea. Mwanawe Aflah, anayefanya kazi Maskati, akamwambia basi, ahamie kwake Seeb, hukohuko Maskati, chumba kipo. Kaltham akamjibu chumba hicho awalaze wageni wake.

Alichotaka yeye ni mfereji wa kuyapeleka maji wadini. Wanaume wakakutana kwenye sabla, ule ukumbi wao wa mikutano, wakakubali uchimbwe na kila mwenye nyumba achangie. Lakini mchango wakaugawa kwa desturi ya falaji, mfereji wa mashamba tulioukuta kwa babu zetu: anayepata maji ndiye anayelipa, na apataye mengi hulipa zaidi. Kwa hesabu hiyo mzigo ukawa wa nyumba za chini, na fungu kubwa kuliko yote likamwangukia Kaltham. Aflah akasema fedha hizo hana, wala mama yake hana, nyumba iuzwe.

Asubuhi yake Kaltham alivaa abaya, akanivuta na mimi, tukaingia sabla mbele ya wanaume wote. Musallam, msimamizi wa mchango, ambaye nyumba yake ndiyo kubwa kuliko zote huko juu, alisimama kwa heshima.

"Shikamoo, bibi. Ungetuma mtu tu, tungekujia."

"Marahaba. Nimekuja kwa miguu, polepole. Maji yenu ndiyo huja kwangu mbio."

Watu wakacheka, Kaltham hakucheka. Musallam akamweleza kwa upole kwamba huko juu kwake yeye halijaingia hata tone, sasa alipie nini?

"Maji ya falaji nayalipia kwa kuwa nayataka, mitende yangu inayanywa," Kaltham alisema. "Haya sikuyaomba. Yametoka langoni kwako. Pimeni yanayotoka, msipime yanayoingia."

Mzee mmoja akauliza mvua itapimwa kwa kitu gani, kwa kikombe cha kahawa? Kaltham akasema mvua iacheni, pimeni sakafu. Paa na saruji vinayatema maji, udongo unayanywa. Basi mwenye saruji nyingi alipe zaidi, na mwenye udongo alipe kidogo. Musallam akasema, huku akitabasamu, kwamba hata uani kwa Bi Kaltham saruji ipo, pale anapoanikia tende.

"Ipo," akasema Kaltham. "Anza na hiyo."

Wakaanza nayo. Ncha ya utepe wa kupimia aliishika mwenyewe, na mpimaji alipoliacha paa la jiko la nje kwa kumwonea haya, alimrudisha akalipime. Fungu lake likaongezeka kidogo, akalilipa palepale. Ndipo wakapanda juu, nyumba kwa nyumba, nami nyuma yao na magoti yangu mabovu. Hakuna aliyethubutu kufunga lango. Kwa Musallam utepe haukufika ukuta wa pili, ikabidi wausogeze na kuusogeza tena, mkewe Shaikha akichungulia dirishani. Walipokwisha, Musallam akauliza kama aking'oa matofali ya upande mmoja akapanda ndimu, atapunguziwa.

"Utapunguziwa, mwanangu. Ng'oa hata leo."

Aling'oa, na jirani zake kwa kuona wivu wakang'oa nao. Mfereji ukachimbwa mwembamba kuliko ulivyokusudiwa, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa yamepungua. Mvua ya mwaka huu ilipita kando ya ukuta wa Kaltham ikaenda zake wadini. Aflah, aliyekuja mbio toka Maskati na ndoo garini, alimkuta mama yake sebuleni anakunywa kahawa. Kile chumba cha Seeb sasa wamekipangisha.