Mguu wa Kushoto wa Bibi Yako

Nakumbuka siku moja, mwanangu, bibi yako aliponiuliza swali dogo tu, nami, msomi mzima wa chuo kikuu, nikashindwa kulijibu. Nakusimulia kwa sababu unaoa mwezi ujao, na jana nimekusikia hapa nyumbani Themi ukimwambia mchumba wako, "Mtumie mama meseji, we ndo unajua kupanga maneno."

Na mimi nilikuwa karibu kuoa. Nilikuwa Dar es Salaam nikiandika tasnifu kuhusu magonjwa ya kahawa, na kichwa kilikuwa kimenivimba kidogo. Bibi yako alikuwa nyumbani kwetu Umeruni, kijijini juu ya Maji ya Chai. Alijifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima pale usharikani, ili barua zangu azisome mwenyewe. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu: nilimtaka Aikande, mama yako, binti wa Kichaga kutoka Machame, naye bibi yako alitaka nioe Mmeru mwenzangu. Akaniandikia wazi kwamba harusi hiyo hataikanyaga.

Nikanuna, nikaacha kumjibu. Mama yako, tuliyekuwa naye hukohuko Dar, ndiye aliyenikemea kwamba mzazi hanuniwi. Nikamwambia, "Basi mwandikie wewe, mimi nina kazi." Akawa anapiga barua kwa taipu, kwa jina langu, mimi natia sahihi bila hata kusoma. Majibu pia nilimwachia yeye. Aliniambia tu kwamba bibi yako anaanza kulainika, nikafurahi kweli.

Likizo ilipofika nikapanda kwenda nyumbani, nikijua nakwenda kupokea baraka. Bibi yako akaitikia shikamoo yangu, akanipa loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, akasubiri nimalize. Kisha akaweka mezani mafungu mawili ya barua.

"Hizi za zamani ni zako," akasema. "Kila moja ni mimi mzima, mitihani imekaribia, wasalaam. Hizi za taipu kaandika nani?"

"Mimi, mama."

"Haya. Mguu unaoniuma ni upi?"

Mwanangu, sikujua hata kama alikuwa na mguu unaouma. Nikabahatisha nikasema wa kulia.

"Ni wa kushoto. Aliyeandika barua hizi anaujua, na kila barua ameniuliza habari zake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamtaja Aikande, nikiamini kwamba harusi nimeivunja mwenyewe. Bibi yako akazipangapanga zile barua.

"Huyo mlete nimwone," akasema. "Harusini nitakuja, kwa ajili yake." Kisha akachana karatasi katikati ya daftari lake la darasani, akanisogezea pamoja na penseli. "Na wewe kaa hapo uniandikie barua yako."

"Mama, si tuko wote hapa?"

"Andika."

Tasnifu nzima haikunitoa jasho kama karatasi ile. Nusu saa nzima niliandika mstari mmoja: Mama, mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Akausoma kwa kidole, neno kwa neno, akaikunja karatasi. Nililia, mwanangu, wala sioni haya kukwambia.

Tulipomzika, miaka mingi baadaye, niliikuta karatasi ile ndani ya Biblia yake. Chini ya mstari wangu alikuwa ameandika kwa penseli: Unaendelea vizuri, asante kwa kuuliza.

Basi nakuusia hivi. Mchumba wako ana maneno mazuri, na ayatumie, mama yako atampenda. Lakini habari za mama yako usimwachie mtu mwingine kuziuliza, hata awe mkeo. Andika mwenyewe, hata mstari mmoja, hata uwe mbovu.

Mungu aibariki ndoa yako, akupe nyumba yenye watu wanaoulizana hali. Mama yako ana jicho linalomsumbua tangu Pasaka. Ni lipi, sikwambii. Yuko jikoni, nenda kamuulize.