Alama ya Nne kwenye Pindo la Hariri

Shangazi yangu ni dobi. Wateja humwita Mama Pasi. Mimi ni binti wa kaka yake, nimelelewa kwake, na nimefua naye tangu mikono yangu haijatosha kukamua hata soksi. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba nikimsifu, namsifu mtu aliyenifokea sana.

Chumba chake cha kazi kina rafu ya wateja iliyojaza ukuta mzima, na nyuma ya mlango kuna kabati lake dogo la nguo. Juu kabisa ya ile rafu, ndani ya shuka jeupe, kilikaa kitambaa cha kale cha hariri ya Kichina kwa miaka thelathini. Ukubwa wake ni wa shuka la kitanda, rangi imezeeka ikawa ya chai ya maziwa, kimedariziwa korongo saba na maua mapana, na nyuma kimetiwa bitana ya pamba. Kila baada ya miezi michache Shangazi alikitoa, akakianika kivulini, akakirudisha. Nikimuuliza ni cha nani, alijibu, "Cha Mwalimu." Mwalimu mwenyewe alishafariki zamani. Siku moja nikasema basi huyo hatakuja kukichukua. Akaniambia nishike pasi yangu.

Mwalimu alikuwa mteja wake, bibi aliyeishi peke yake. Alipougua, Shangazi alikwenda kila siku kumbadilishia matandiko, wala hakuna aliyemtuma. Asubuhi moja Mwalimu, homa imempanda, akamwonyesha kile kitambaa juu ya kiti. "Hicho ni chako. Nenda nacho." Shangazi akajua ni homa inayosema. Akakichukua akakianike kipate hewa, akiwa na nia ya kukirudisha, na siku ya pili Mwalimu akafariki. Chumbani walikuwa wawili tu. Na dobi akishasemwa kwamba anabaki na nguo za watu, kazi imekwisha. Afadhali asemwe anaunguza. Basi akakiweka juu ya rafu, akingoja wenyewe waje kukiulizia.

Kwa hiyo mwaka jana, mjukuu wa Mwalimu alipoingia na picha mkononi, niliweka pasi chini nikasogea karibu na rafu. Ni mtu mzima, ana mvi kidogo.

"Makumbusho wanaandaa maonyesho ya vitambaa vya kale," alisema. "Wanataka kujua kila kimoja kimepita mikononi mwa nani. Hapa Bibi amekaa mbele ya kitambaa chake, lakini kwetu hakipo. Nimeambiwa niulize kwa dobi."

Mimi nilisikia neno moja tu, wizi, ingawa hakulitamka. "Ungeanza na salamu kwanza!" nikamrukia. Alikuwa ameshasalimia, tena vizuri. Hasira haina kumbukumbu.

Shangazi alipanda kigoda, akakishusha. "Chukua, baba. Nilikuwa nawangojeni."

Nilitamani kulia. Miaka thelathini ya kuanika, na sasa anatoa tu, kama anayerudisha bakuli la jirani!

"Asante, Mama," mjukuu alisema. "Na huko kilikopita, unakujua?"

"Hayo yameandikwa."

Yaliandikwa kwa uzi. Madobi wa kwetu hawana daftari. Kila nyumba ina alama yake, inashonwa ndani ya pindo la bitana, kwenye kona, mahali pasipoonekana. Nguo ikipata mwenyewe mwingine, alama ya zamani haifumuliwi. Inapitishwa mshono mmoja juu yake, na mpya inashonwa pembeni.

Shangazi akakunjua kona. "Hii nyekundu ni ya fundi saa. Aliishona marehemu mama yangu, naye alikuwa dobi. Fundi alikinunua ugenini. Kwa nani, hakusema. Hii ya buluu ni ya mkunga. Mke wa fundi saa alijifungua mtoto aliyetanguliza miguu, wakapona wote wawili. Fundi akatoa kitu kizuri kuliko vyote nyumbani kwake. Hii ya kijani nimeshona mimi, ya Mwalimu. Mkunga alijifunza kusoma ukubwani, kwa bibi yako. Siku aliyosoma barua bila msaada, akampelekea."

Kisha akaisogeza kona karibu na macho. Juu ya alama ya kijani palipita mshono. Pembeni yake palikuwa na alama ya nne, ya uzi mweusi.

"Hii sikushona mimi," alisema taratibu.

Katika maisha yake ya kazi, Shangazi hapokei nguo bila kukunjua kona. Siku ile ya homa ya Mwalimu alipokea akilia, hakukunjua. Na baadaye hakuona sababu, maana cha Mwalimu alikijua.

Tuliinama wote watatu. Kilikuwa kitu chenye tumbo chini na mkono juu, kimeshonwa kombokombo.

"Bata?" mjukuu aliuliza.

"Pasi," nikasema. "Hiyo ni pasi, Shangazi. Ni wewe."

Mjukuu alicheka mpaka akapangusa macho. "Huu ni mkono wa Bibi! Alinishonea kifungo cha sare, wakaniuliza shuleni kama nimejishonea mwenyewe. Mama, kitambaa hiki si chetu. Amepitisha mshono juu ya alama yake, akashona yako, kabla hajakupa."

Miaka yote ile Mwalimu alikuwa akimtazama dobi wake anavyofanya, kumbe alikuwa akijifunza.

Shangazi alikaa kwenye kigoda, akaiwekea kidole ile pasi mbovu. "Kumbe akili zake zilikuwa timamu," alisema. "Asante, Mwalimu. Nimechelewa kupokea."

Nami nilishukuru, kwa ajili ya mwanamke aliyenilea, ambaye alikuwa tayari kutoa kilicho chake ili asibaki na cha mtu.

Alikiazimisha makumbusho kwa miezi mitatu. Kwenye kadi waliandika: fundi saa, mkunga, mwalimu, dobi. Kilipoletwa, Shangazi aliipita rafu ya wateja bila kuitazama, akafungua kabati lake, akasogeza magauni yake mawili pembeni, akakiweka hapo.